Imeondoka kwa Wakati

Wasifu wa marehemu ulikuwa umekamilika isipokuwa mstari mmoja. Dorotea aliuandika kwa mkono wake mwenyewe, ukurasa mmoja na nusu, kwenye meza ya chakula ya nyumba ya baba yake huko Sengerema, wakati nje wanawake wanachambua mchele na wanaume wanafunga turubai. Baba alizaliwa lini, ameandika. Alibatizwa parokia gani, ameandika. Miaka ishirini na sita ya ukarani kwenye kivuko, ameandika. Watoto wawili na wajukuu watano, wote kwa majina. Ulibaki mstari ule ambao kila wasifu lazima uwe nao, ule ambao hata waombolezaji waliosinzia huamka kuusikiliza: marehemu alifariki saa ngapi, na alikuwa wapi.

"Doro, umemaliza?" Kaka yake Mayala alichungulia dirishani, suruali imejaa udongo mwekundu wa kaburi. "Padri anafika saa saba, na mtu wa kuchapa anasubiri."

"Bado kidogo, kaka."

"Kidogo gani tena? Weka na saa ya kufa. Baba ukimzika bila saa atafufuka atugombeze." Alijaribu kucheka, uso ukakataa. Akafuta jasho. "Halafu uandike kama ndege ilikuwa imesharuka au bado. Baba wadogo wananiuliza tangu jana, sina jibu. Barua ya hao waajiri wako inasema alifariki akiwa safarini. Safarini ni wapi? Angani? Juu ya Shinyanga? Wewe si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Basi andika."

Mayala akarudi kaburini. Dorotea akabaki na kalamu na ule mstari wake mtupu. Wewe unayesoma unaweza kusema, kuna ugumu gani hapo, mtu si anaandika kilichotokea? Subiri kwanza. Akiandika kweli, kaka yake atajua kabla jua halijatua ni nani aliyemchelewesha baba mpaka akafa. Akiandika uongo, Mzee Luhende, mtu aliyenyimwa cheo maisha yake yote kwa sababu ya kuandika saa ya kweli, atashushwa kaburini na saa ya uongo, tena kwa mwandiko wa binti yake.

Maana yule mzee, Mungu amrehemu, alikuwa na ugonjwa wa saa. Kwenye kivuko kazi yake ilikuwa kuandika kwenye daftari kubwa: kimeng'oa nanga saa ngapi, kimefika saa ngapi, na kama kimechelewa, kwa nini. Siku moja kivuko kilisimamishwa dakika hamsini kumsubiri mkubwa mmoja aliyekuwa anamalizia kula samaki hotelini. Jioni Luhende akaambiwa aandike hitilafu ya injini. Akaandika: "Dakika hamsini. Mheshimiwa alikuwa anakula." Hakupandishwa cheo mwaka ule, wala mwaka uliofuata, wala mwingine wowote. Alistaafu na cheo alichoanzia. Ukimuuliza, alikuwa anasema saa haina mjomba, kisha anaendelea kunywa uji wake.

Na huyo ndiye aliyemzaa Dorotea, ambaye kazi yake ilikuwa hiyohiyo, ila ya ndege. Alikuwa karani wa kuandika saa katika kituo cha Mwanza cha shirika moja la ndege ambalo sitalitaja, maana lenyewe limejitangaza vya kutosha. Ndege ikija anaandika, ikiondoka anaandika, kisha anatuma makao makuu Dar es Salaam. Mzee alipopata habari hizo alifurahi kama aliyepata mjukuu. "Mama," alimwambia, maana binti huyo alibeba jina la bibi yake mzaa baba, kwa hiyo kwa mzee alikuwa mama siku zote, "mama, mimi niliandika za majini, wewe unaandika za juu. Usiniaibishe."

Tatizo lilianza miaka miwili nyuma. Makao makuu waliamua kuvipima vituo vyote tisa kwa kitu kimoja tu: katika kila ndege mia, ngapi zimeondoka kwa wakati. Lilitoka jedwali kila mwisho wa mwezi, lina rangi, kijani kwa wazuri na nyekundu kwa wabaya, na Mwanza ilikuwa nyekundu mkiani. Meneja wa kituo, Nathaniel, aliitwa Dar mara mbili akasimamishwa mbele za watu kama mtoto aliyekojoa darasani. Alirudi anasema kituo kikibaki chekundu mpaka Juni, nusu ya wafanyakazi watakwenda nyumbani.

Sasa ndege inachelewa kwa mambo mengi. Korongo wale wenye vipara hushuka barabara ya kurukia kama wamenunua kiwanja. Mvua ya ziwani huja bila hodi. Na zaidi ya yote kuna foleni ya Dar: asubuhi ndege zote za nchi zinataka kutua pale wakati mmoja, kwa hiyo za mikoani huambiwa zisubiri chini mpaka zamu yao ifike. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo Nathaniel angeweza kulirekebisha kwa kupigiwa kelele.

Kwenye kikao cha wafanyakazi watu waliinamisha vichwa. Ni Dorotea aliyeinua mkono. Alikuwa amekisoma kijitabu cha vipimo chote, peke yake kati yao, maana ni mtoto wa Luhende, hawezi kuona maandishi akayaacha.

"Kijitabu kinasema," alieleza, "ndege inahesabiwa imeondoka ile dakika mlango umefungwa, vizuio vya matairi vimetolewa, na yenyewe imesogea. Hakuna mahali panaposema lazima iruke."

Nathaniel akamwangalia.

"Rudia, Mama Precious," akasema, akimwita kwa jina la mwanawe.

Akarudia. Na kuanzia wiki ile mambo yakaenda hivi. Saa ya ratiba ikifika, hata kama Dar wamesema msubiri dakika tisini, abiria wanapakiwa, mlango unafungwa, vizuio vinatolewa, trekta linaisukuma ndege hatua kumi, inasimama. Dorotea anaandika: imeondoka kwa wakati. Halafu watu wanakaa humo ndani wanatazamana. Danganya toto ya watu wazima wenye shahada. Na wala haikuishia hapo, maana makao makuu nao hawakuwa wajinga. Kwa kuwa ndege zilifika Dar zimechelewa, walirefusha ratiba. Safari ya saa moja na dakika ishirini wakaiandika saa mbili na dakika kumi. Basi ndege ikikaa nusu saa Mwanza na robo saa nyingine ikizunguka juu ya Dar, bado inatua kabla ya wakati, mhudumu anatangaza tumewahi kwa dakika tano, na abiria, maskini ya Mungu, wanapiga makofi.

Mzee Luhende pekee ndiye aliyeshtuka. Alikuwa na ratiba ya zamani aliyoletewa na Dorotea mwenyewe, akailinganisha na mpya. "Mama, hii safari zamani ilikuwa saa moja na ushee. Siku hizi ni mbili na ushee. Dar imesogea, au ndege zimezeeka?"

"Ni mambo ya kitaalamu, baba."

"Ala." Akakunja ratiba zake. Hakuuliza tena, na Dorotea akashukuru kwa kutoulizwa.

Mwanza ikapanda. Kutoka ya tisa ikawa ya nne, kutoka ya nne ikawa ya kwanza. Makao makuu wakaleta keki na cheti chenye fremu: Kituo Bora kwa Kuondoka kwa Wakati. Wakamvika Dorotea kilemba cha ukoka, wakamwita Afisa Takwimu, na yeye akakivaa kikamkaa. Nakala ya cheti alimpelekea baba yake. Mzee aliitundika sebuleni, juu ya picha ya Moyo Mtakatifu kidogo, na kila mgeni aliyeingia alionyeshwa. Ipo pale mpaka leo. Dorotea alikuwa ameketi chini yake akitafuta namna ya kuandika mstari mmoja.

Jambo moja zaidi ulijue, ndilo lililoua. Ndege ikishasogezwa, ikarudishwa na kufunguliwa mlango, ile "imeondoka" inafutwa na kuandikwa kuwa imechelewa. Kwa hiyo ikawa sheria ya kituo, haikuandikwa popote lakini kila mtu aliijua: ukishafunga, hufungui. Abiria akitaka haja, avumilie. Mtoto akilia, alie. Joto nalo lilikuwepo, maana mashine ya kupooza hewa wakati injini zimezimwa ilikuwa mbovu tangu Septemba, na ubovu huo haukuwa na nafasi kwenye jedwali lolote.

Mzee Luhende alikuwa na moyo uliopanuka. Madaktari walimpangia kumwona bingwa Dar, na siku yenyewe ikaangukia tarehe mosi Novemba. Dorotea akamkatia tiketi ya siku iliyotangulia, tarehe thelathini na moja Oktoba, kwa ndege yake ya saa nne na dakika arobaini asubuhi. Ilikuwa mara ya kwanza mzee kupanda. Alivaa suti ya kustaafia, tai ameikaza mpaka kooni, mfuko wa shati una kidaftari chake na kalamu mbili, kama moja ingeishiwa wino huko angani.

"Baba, legeza hiyo tai, kuna joto."

"Niingie kwenye ndege ya binti yangu kama mvuvi?" Akamshika mkono. "Inaondoka saa nne na arobaini kweli?"

"Kweli, baba."

Akatabasamu, akatembea polepole kwenye jua mpaka kwenye ngazi. Alipanda akipumzika kila ngazi ya tatu. Dorotea alimwangalia mpaka akaingia, kisha akarudi ofisini kwake, dirisha lake linatazama maegesho ya ndege, redio ya mkononi mezani.

Saa nne na dakika arobaini kamili, mlango umefungwa, vizuio vimetolewa, ndege imesogea hatua kumi. Akaandika, akatuma. Dar walikuwa wameshasema foleni ni ndefu, labda dakika arobaini, labda saa nzima.

Ilikuwa siku ya mwisho ya mwezi na mahesabu yalikuwa yamembana. Ndege mia na ishirini zimeondoka, mia na nane kwa wakati, ndiyo asilimia tisini kamili. Tisini ilikuwa mstari wa kijani. Tisini bila hata nukta ya ziada.

Saa tano na dakika ishirini na moja redio ikakwaruza. Alikuwa mhudumu wa ndani ya ndege. "Kituo, kuna abiria mmoja hajisikii vizuri. Ni mzee. Yeye hajasema kitu, jirani yake ndiye anasema apelekwe kwenye hewa. Rubani anauliza, turudi?"

Nathaniel alikuwa amesimama mlangoni. Hakumjibu mhudumu. Alimgeukia Dorotea. "Wakirudi inakuwaje?"

Na Dorotea akapiga hesabu. Hilo ndilo lililomla tangu siku ile: kwamba alipiga hesabu kwanza. "Mia na saba kwa mia na ishirini," akasema. "Themanini na tisa nukta mbili. Tunatoka kwenye kijani."

"Wewe unaonaje?"

Alijua baba yake yumo. Usijidanganye kwamba alisahau, hakusahau. Lakini akili ya mtu anayetaka jambo lake ina maneno matamu. Ikamwambia kwenye orodha wamo wazee saba. Ikamwambia aliyelalamika ni jirani wa huyo mzee, na baba yake si mtu wa kusumbua majirani. Kuuliza namba ya siti kungechukua sekunde tatu. Baba alikuwa siti ya kumi na mbili, dirishani, yeye mwenyewe ndiye aliyemchagulia ili aone ziwa. Hakuuliza. Kama hujui namba ya siti, basi ni mzee tu, na wazee wako wengi.

Akachukua redio mwenyewe. "Mpeni maji. Msubiri dakika kumi, huenda zamu ikafika."

Gari la wagonjwa lilikuwa limeegeshwa kivulini, hatua kama sitini kutoka kwenye ndege. Dereva alikuwa anasoma gazeti la michezo.

Dakika kumi zikapita. Zikawa kumi na tano, zikawa ishirini. Mtu anayelipwa kutazama saa hakuitazama saa, alifungua barua pepe akajifanya anasoma. Saa tano na dakika arobaini na tatu rubani akaamua mwenyewe, hakuomba ruhusa ya mtu. Trekta likaivuta ndege zile hatua kumi. Mlango ukafunguliwa na abiria wa mbele wakaanza kushuka haraka haraka, wamelowa jasho. Dorotea alipomuona dereva wa gari la wagonjwa akikimbia na machela ndipo na yeye akakimbia.

Mzee Luhende alikuwa kwenye siti ya kumi na mbili, kichwa kimelalia dirisha, tai iko palepale imekaza. Waswahili wanasema kufa na tai shingoni. Mwanamke aliyeketi naye alikuwa bado anampepea na ile kadi ya maelezo ya usalama, na alipoambiwa aache hakuacha.

Alifuatana nao mpaka hospitali, huyo mwanamke. Jina lake Evelina, mwalimu wa Misungwi, alikuwa anakwenda Dar kwenye harusi. Alikaa na Dorotea kwenye benchi, hajui ni nani pale uwanjani, anajua tu ni binti wa marehemu.

"Nilimwambia, mzee, niite mhudumu, unatoka jasho sana," alisema Evelina. "Akaniambia nisihangaike. Akasema binti yake ndiye anayetunza saa hapa, na kama amesema inaondoka saa nne na arobaini, basi kuna sababu, tuwaache wafanye kazi. Mpaka nilipoona midomo imebadilika ndipo nikaita kwa nguvu. Wakaleta maji. Maji tu, dada yangu." Akamtazama Dorotea. "Huyo binti anayemsema ni ndugu yako?"

Dorotea akatikisa kichwa, na hata yeye hakujua ametikisa kwa ndiyo au kwa hapana.

Muuguzi akamletea koti na vitu vya mfukoni: kitambulisho, rozari, na kidaftari. Alikifungua palepale. Mzee alikuwa ameandika kwa ule mwandiko wa kivukoni, herufi zimesimama wima kama nguzo:

4.40 mlango umefungwa.
4.40 imesogea. 4.42 imesimama.
5.00 haijaondoka.
5.10 haijaondoka. Sababu haikutajwa.
5.20 bado. Joto.
5.30

Baada ya 5.30 hakukuwa na neno. "Aliandika saa," alisema Evelina, "akaniambia ngoja nivute pumzi kwanza. Kalamu ikaanguka. Hakuvuta tena."

Saa tano na dakika thelathini. Dorotea alihesabu, hakuweza kujizuia. Ilikuwa dakika ya tisa katika zile kumi alizotoa yeye.

Jioni Nathaniel alikuja nyumbani kwake na keki za msiba na uso wa msiba. Alikaa, akatoa pole, akasifu marehemu ambaye hakuwahi kuongea naye. Wakati wa kuondoka akamvuta pembeni. "Mama Precious, najua si wakati wake. Lakini ile ya saa nne na arobaini, tuiache ilivyo, kule kurudi tusikuandike. Kwa kanuni iliondoka. Ulisoma mwenyewe kijitabu. Iliondoka, kwa hiyo mzee aliugulia safarini. Hata kwako wewe ni afadhali ikae hivyo, unanielewa?"

Alimwelewa vizuri sana. Funika kombe mwanaharamu apite. Wala hakuhitaji kufanya kitu, alichotakiwa ni kunyamaza, na usiku ule alikuwa hana nguvu ya kitu kingine. Mwezi ukafungwa na asilimia tisini. Barua ya rambirambi ikaandikwa: marehemu alifariki dunia akiwa safarini kwenda Dar es Salaam, licha ya jitihada za wahudumu.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye meza ya chakula siku ya mazishi. Saa sita na nusu Mayala alirudi dirishani, na safari hii alinyoosha mkono tu. Dorotea akaandika mstari haraka, akampa. Mayala akausoma kwa sauti ya chini: "Alifariki tarehe thelathini na moja Oktoba, akiwa safarini." Akauangalia tena.

"Saa iko wapi?"

"Sina uhakika wa saa, kaka."

Mayala aliinua macho kutoka kwenye karatasi. Walilelewa nyumba moja, na katika nyumba ile mtoto aliyesema hana uhakika wa saa hakuruhusiwa kulala mpaka aupate. "Sawa," akasema, akaenda na karatasi kwa mchapaji.

Ibada ilikuwa ndefu. Watu walijaa mpaka kwenye mihogo ya jirani. Wafiwa walikaa upande wa jeneza, wageni upande wa pili chini ya turubai, na kwenye mstari wa mbele wa wageni alikuwapo Nathaniel, suti nyeusi, shada la maua lenye jina la shirika, mkoba wake ameuweka kwenye kiti kando yake. Mwongozaji akatangaza kwamba ratiba imechelewa dakika ishirini na tano, akawaomba radhi waombolezaji, kisha akamwita binti wa marehemu asome wasifu.

Dorotea alisimama na karatasi iliyochapwa. Kilichokuwa mfukoni mwa gauni lake hakuna aliyekijua. Alisoma kuzaliwa, akasoma ubatizo. Alipofika kwenye kivuko alisoma na ile habari ya mheshimiwa aliyekuwa anakula samaki, na watu wakacheka huku wakilia, wazee wakatikisa vichwa wakisema ndiye huyo, ndiye Luhende. Kicheko kile ndicho kilichomvunja. Alifika kwenye mstari, akaona "akiwa safarini".

Akakunja karatasi. Akatoa kidaftari.

"Huu ni mwandiko wa baba," akasema. "Nasoma kama alivyoandika." Akasoma kuanzia saa nne na arobaini mpaka tano na nusu, pamoja na "sababu haikutajwa" na "joto". Akashusha kidaftari. "Baba hakufia angani. Alifia uwanjani Mwanza, saa tano na nusu, ndani ya ndege iliyofungwa mlango na haikwenda popote. Iliandikwa kwamba imeondoka. Aliyeandika ni mimi. Walipouliza kama wamrudishe, waliniuliza mimi, nikasema wasubiri dakika kumi, ili hesabu ya mwezi isiharibike. Alikufa dakika ya tisa. Kile cheti cha sebuleni mlichoonyeshwa nyote kilipatikana kwa namna hiyo."

Mmoja wa baba wadogo alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Nathaniel alikuwa anatazama viatu vyake.

Mayala alinyanyuka kutoka upande wa wafiwa. Alikuja mpaka pale alipo dada yake, akachukua kidaftari mkononi mwake taratibu, akakifunga, akakitia kwenye mfuko wa shati lake mwenyewe, upande uleule aliokuwa anakiweka baba.

"Umesema kweli," akamwambia, si kwa ukali. "Baba angefurahi kwa hilo. Sasa nenda ukakae na wageni."

"Kaka."

"Nenda, Doro. Tusichelewe."

Alitembea kuvuka ile nafasi kati ya jeneza na turubai, hatua kumi tu, na watu wote wakimtazama. Viti vya wageni vilikuwa vimejaa isipokuwa kimoja. Nathaniel aliuondoa mkoba wake bila kumwangalia, akauweka miguuni, na Dorotea akakaa.

Kwaya ikaimba. Jeneza likateremshwa. Mwongozaji akatazama saa yake, akaomba watoto wa marehemu wasogee kuweka udongo, na Mayala akasogea peke yake.